Mutu Haingiake mu Jiko Yako

Mama yangu,

Jana nilikutaja ofisini hapa mjini Baraka, mbele ya kompyuta. Acha nikueleze.

Unakumbuka banda letu la chakula, kule karibu na ziwa? Wateja walikaa mbele kwenye mabenchi, bugari, ule ugali wetu, na samaki wa migebuka vikawafuata. Jikoni hakuingia mtu. Hata mchungaji alipotaka kuchungulia sufuria ulimrudisha: "Pastere, mutu haingiake mu jiko yangu. Kaa, sahani itakuja."

Kisha vita vikafika. Asubuhi moja Mama Maziwa, yule wa milimani aliyetuuzia maziwa, alikimbilia kwetu na mtoto mgongoni. Siku zile lugha yake tu ilitosha kumuua. Ukamficha nyuma ya kuni.

Hata moto haujakolea vizuri, askari hao! Mkubwa wao hakukaa. Akashika pazia la jiko.

"Kule kuko nani?"

"Hakuna mutu. Kuko moshi tu."

"Nataka nione."

Nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa, na maji yakawa yananimwagikia miguuni. Wewe ukamkazia macho kama mteja mkorofi. "Papa, uliza Baraka yote. Mutu haingiake mu jiko yangu, ata pastere. Kaa, sahani itakuja."

Mtoto akakohoa. Palepale ukaachia kifuniko cha sufuria kikaanguka kwa kishindo, ukajitukana kwa Kibembe. Askari mmoja aliyewahi kula kwetu akacheka, akamwambia mkubwa wake: "Chef, ni kweli, huyu mama iko vile. Tukule." Pazia likaachiwa. Wakala taratibu, ee Mungu wangu, taratibu! Giza lilipoingia ukampandisha Mama Maziwa na mtoto wake kwenye mtumbwi, ukaniapisha nisiseme kamwe.

Sasa natengeneza tovuti, Mama, na programu tunayojengea ina tabia yako. Violezo vya kurasa, yaani fomu tupu za kujazwa, vinakaa kwenye folda ya ndani, kivinjari hakivifikii. Ombi la mgeni linapokelewa mbele, kiolezo kinajazwa huko ndani, halafu ukurasa uliokamilika ndio unatoka. Mtu akiandika anwani ya kiolezo chenyewe anajibiwa kwamba hakipatikani.

Jana Furaha, mwenzangu wa kazi, alikasirika. "Inasema haiko, na fichier ya kiolezo iko pale! Iseme tu imekatazwa."

"Ukimuambia mutu imekatazwa, umeshamuambia kama iko," nikamjibu, na nikajikuta namsimulia habari ya jiko lako, askari, na kikohozi cha nyuma ya kuni, bila kutaja majina.

Akauliza: "Na nyuma ya kuni kulikuwa nani?"

Nilikuapia, Mama. Lakini mama yake, Mama Maziwa, amekufa bila kumwambia, nawe umeshalala, na nimechoka kubeba siri hii peke yangu.

"Ni wewe," nikasema. "Ni wewe ulikohoa."

Kesho namleta kaburini kwako. Safari hii mfungulie pazia.

Mwanao wa jagi la maji