Natafuta Kondishena Isiyo na Harufu, Marehemu Aniache

Mama Marsiana wa redio, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa kila Ijumaa, nimeolewa huku Biharamulo mwaka wa pili sasa, kwetu ni Keza, Ngara, na nakuandikia jambo ambalo nikimwambia mtu ana kwa ana atanicheka au atanikimbia, nimebaki na wewe tu. Nataka kujua wapi nitapata kondishena ya nywele isiyo na harufu kabisa, hata kidogo, na usinione mjinga kwa swali hilo, nisome mpaka mwisho utanielewa.

Mume wangu Novatus anafuga nyuki, mizinga alirithi kwa baba yake aliyeirithi kwa babu, mingine iko porini na mingine nyuma ya migomba yetu, na ni mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia mkono. Aliponioa aliniletea chupa ya kondishena kutoka Rusumo, ya njano, ina picha ya ndizi, ukiifungua inanukia ndizi mbivu zilizoiva mpaka zinataka kuchacha, nami nilifurahi maana ilinikumbusha nyumbani, na kila ikikaribia kuisha analeta nyingine kabla sijaomba, wenzangu walikuwa wananionea wivu. Lakini Mama, mimi ni mke wa pili. Wa kwanza, Claudia, alikufa kwa nyuki. Alimsindikiza mumewe kurina asali, kazi yake ilikuwa kubeba ndoo, nyuki wakamvamia kichwani mpaka akaanguka, Novatus alikuwa karibu amevaa wavu wake wa usoni akashindwa kumwokoa.

Siku moja wifi yangu Deodata alikuja kunisuka, akainamia kichwa changu, akaacha kusuka, akasema, "Wifi, unanukia kama Claudia. Hivi hivi, mpaka siku tuliyomwosha tukamzika." Tangu hapo sina amani, maana na mimi nyuki wameanza kunifuata. Tukiwa wengi kisimani wanawapita wenzangu wote wananijia mimi, wanajipenyeza kwenye nywele na kunguruma humo, unahisi ngurumo mpaka kwenye meno, na watu wameanza kusema nyumba ile nyuki hawataki mwanamke, wengine wanasema huyu wa mpakani kaja na vyake. Mimi naamini ni Claudia. Nimelala kitanda chake, nimejipaka harufu yake, amekasirika, anawatuma wale wale waliomwua.

Nikaamua kuiacha ile kondishena. Nilipomgusia mume wangu alisema, "Mke wangu lazima anukie, usiniaibishe," basi nikafanya kwa siri, nikaosha nywele kwa sabuni ya kufulia, nikafunga kilemba, chupa nikaificha chini ya gunia la maharage. Mama, siku ya kwenda kurina niliamka kilemba kimelowa, kichwa chote kinanukia ndizi, nikaenda kuangalia chupa iko pale pale chini ya gunia, imepungua. Nilirudi nikakaa kitandani. Novatus alikuwa ameshaamka anaandaa moto wa bomba la moshi la kufukizia nyuki, akaniuliza, "Mbona umekaa hivyo?" nikasema nina homa, akasema porini itaisha. Siku hiyo nyuki walinivamia, nilinusurika kwa kujitupa kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Imetokea tena baada ya hapo. Nimeweka rozari chini ya mto, nimenyunyiza maji ya baraka pembe zote za chumba, bado anakuja kunipaka.

Nyumba hii ina miiko na mimi naishika yote. Wiki ya kurina hakuna kula ndizi mbivu, hata ganda halibaki uani, mkungu ukiiva Novatus anaupeleka kwa jirani, na vibarua anawanusa mikono kabla hawajaingia porini. Sijui kama kuna mwiko mwingine nimeuvunja bila kujua.

Irine wa saluni amenitafutia kondishena nyingine, zote zinanukia, mara maua mara nazi. Sasa Jumamosi mume wangu anataka twende kwenye mizinga ya mbali, bonde la mwisho kabisa, sisi wawili tu, vibarua amewapumzisha. Nataka nikifika huko nisiwe na harufu yoyote, Claudia asinitambue. Usinipigie, simu anashika yeye. Irine ndiye anayeipeleka barua hii stendi. Nitakusikiliza Ijumaa, saa za kipindi chako wanaume wako mizingani.

Binti yako,
Nimpaye

MAJIBU YA MAMA MARSIANA
(Barua hii haikusomwa hewani. Haya ndiyo aliyoyasema redioni Ijumaa ile. Majina yamebadilishwa.)

Leo naanza na nywele. Kuna dada ameniuliza kondishena isiyo na harufu. Zipo, dada, ila ni chache, na chupa kuandikwa "asilia" hakuna maana kwamba haina manukato, hapo ndipo wengi mnapoingizwa mjini. Usinunue picha. Fungua kifuniko ukiwa dukani, omba tone, paka nyuma ya mkono, zunguka soko lote halafu urudi unuse. Kama mkono bado unanukia, mwachie mwenyewe chupa yake. Ukikosa kabisa, kata jani la alovera, kamua ute, uchuje kwa kitambaa safi, paka kwenye nywele zilizooshwa, kaa nao kidogo kisha suuza. Tengeneza wa siku hiyo tu maana unaharibika upesi, na mwenye ngozi ya kuwasha ajaribu kwanza nyuma ya sikio.

Nimeanza hivyo makusudi. Mwanamume yeyote aliyekuwa amekaa karibu na redio ameshachoka na habari za nywele, ameondoka. Dada yangu, angalia mlangoni. Uko peke yako? Punguza sauti, sogea.

Barua yako niliisoma nikainuka nikafunga mlango wa ofisi. Nakuhurumia na nimekukasirikia. Unamwogopa aliyelala kaburini, na aliye hai umempikia uji asubuhi hii. Mimi ni mtoto wa mrina asali, nimekulia kwenye moshi ule. Nyuki akishauma anaacha harufu ya kuwaita wenzake waje kumsaidia, na harufu hiyo ni kama ya ndizi mbivu. Ndiyo sababu warina asali hawagusi ndizi mbivu siku za kazi. Wewe unauita mwiko. Ni ujuzi wa kazi, na mtu aliyerithi mizinga kwa baba na babu ameujua tangu anatambaa. Sasa jiulize, mtu anayewanusa vibarua mikono, anayehamisha mkungu mzima kwa jirani, anakununuliaje chupa ile? Na kwa nini inapokaribia kuisha anakuletea nyingine?

Unasema ni marehemu anayekupaka. Mwanangu, marehemu hapekui chini ya gunia la maharage. Hafungui kifuniko cha chupa, akamimina, akakifunga, akairudisha pale pale ili usishtuke. Aliyefanya hivyo ana vidole, na vilikuwa vikipita kwenye nywele zako taratibu usiamke, halafu akatangulia kutoka kwenda kuwasha moto. Huyo dada aliyekutangulia hana ugomvi na wewe. Na yeye alipakwa.

Utaniambia hajawahi kukunyanyulia mkono. Mwenye mizinga hahitaji mkono. Utaniuliza kwa nini. Sijui, na ole wako ukae chini kumuuliza ukidhani atakujibu, maana hapo ndipo mnapopotea ninyi wanawake wapole, mnataka maelezo. Maelezo atayatoa kituoni.

Fanya ninavyokwambia. Usifungashe nguo, hata moja. Chupa ile itie kwenye mfuko, ufunge vizuri, uweke ndani ya ndoo, juu yake weka kata ya kuchotea maji. Toka kama mtu anayekwenda kisimani. Usipite nyuma ya nyumba kwenye migomba, pita barabarani mbele za watu, na ukisalimiwa itika, usikimbie. Nenda moja kwa moja kwa yule aliyetuma barua yako, tumeshaongea, yuko na pikipiki inakungoja na dereva ni mwanamke. Atakupeleka kituo cha polisi, ulizia dawati la jinsia, wape chupa, waeleze ulivyonieleza, na uwaambie yule wa kwanza alikufaje na alikuwa ananukia nini. Ukimaliza nenda kwa baba yako, na usilale njiani. Akija kukufuata na maneno matamu, na atakuja, ongea naye mbele ya wazee na polisi, kamwe si ninyi wawili.

Usingoje hiyo kesho. Wala usimwage uji uliobaki, usioshe chombo, wacha nyumba ilivyo.

Na redio usiizime. Iache hapo hapo, ipandishe sauti. Mimi nitaendelea kuzungumza mpaka mwisho wa kipindi, bila wimbo hata mmoja, ili atakayepita nje au kurudi mapema asikie maongezi ya wanawake adhani umo ndani unasuka. Nimekupa muda wangu wote. Nenda sasa.

Haya, wasikilizaji wangu, tuje kwa wale ambao nywele zinakatika mbele ya paji la uso. Sogeeni karibu, leo nina mengi sana ya kusema.