Mshipi Nilioukata

Jumamosi jioni

Mume wangu Baba Kifaranga,

Hamjambo hapo nyumbani? Mwanangu hajambo? Kile kikohozi nilichomwacha nacho kimepungua? Mimi nimefika salama, ingawa ndege ilikuwa ndogo mno na nilifumba macho njia nzima kama mtu anayesubiri sindano.

Huku ni mchanga mweupe, vibanda vichache vya mbao na jenereta. Visiwa vyenyewe vimejipanga duara kama shanga, na katikati ya duara maji ni ya magotini, yanang'aa mpaka macho yanauma. Simu haishiki. Ipo kompyuta moja ofisini inayopata mtandao kwa setilaiti, na mkuu wa kambi ameturuhusu kuitumia kila jioni. Ndege hairudi mpaka Jumamosi ijayo, kwa hiyo hata nikilia hakuna wa kunitoa.

Unajua nimekuja roho juu. Waongozaji wenzangu wa wageni wanaokuja kuvua wote ni wanaume, na mkuu amesema wiki hii ananipima. Mgeni wangu akiridhika, nitapata kazi ya msimu mzima. Asiporidhika, narudi jikoni kwenye ile hoteli. Na mgeni mwenyewe si mtu wa kuridhika upesi. Ni mzee mkaidi, magoti mabovu, kofia pana kama sinia. Nimempa jina la Mzee Kofia. Anataka samaki mmoja tu, kolekole mkubwa, na amemtafuta miaka mingi.

Ukiniandikia, mwambie Kifaranga atamke sentensi moja, uiandike vile vile anavyoisema. Usimrekebishe.

Mkeo


Jumapili jioni

Mama Kifaranga wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ukiondoa upweke. Kikohozi bado kipo kidogo, nampa dawa uliyoacha.

Leo nimewaeleza wateja kazi yako. Nikasema mke wangu anamwonyesha mgeni samaki kwanza, ndipo mgeni arushe ndoana iliyofungwa manyoya, na samaki akishavuliwa anapigwa picha na kuachiwa. Duka zima la kunyolea likacheka. Wakaniuliza, na wewe ukishamnyoa mtu unamrudishia nywele zake? Halafu yule dereva wa lori, ambaye bahari ameiona kwenye kalenda tu, akaanza hadithi za papa. Nikamkwangua sikio bila kukusudia.

Nauliza kwa utaratibu tu: papa wapo? Usinifiche.

Sentensi ya Kifaranga hii hapa: "Mama, kokele akikuuma na wewe umuume."

Mumeo


Jumatatu jioni

Baba Kifaranga,

Habari za hapo? Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu mpaka mkuu wa kambi akachungulia. Papa wapo, ila wadogo, wanatukimbia wao. Kinachonitisha mimi ni maji. Yakipwa, unatembea mbali kabisa na boti kama uko uwanjani. Yakianza kujaa, hayaji kwa wimbi. Yanapanda kimya kimya, na kati yako na boti kuna mifereji ambayo asubuhi uliivuka bila kuihisi. Kazi yangu kubwa si samaki. Ni kujua saa ya kugeuka.

Mzee Kofia leo amekosa mara mbili. Mara ya kwanza mkono ulimtetemeka. Mara ya pili alinilaumu kwamba kivuli changu kimemfukuza samaki. Nikamwomba radhi. Kivuli changu kilikuwa nyuma yake, lakini ndiyo kazi.

Kikohozi vipi? Umesema "kidogo". Kidogo cha kwako nakijua. Nijibu vizuri.

Mkeo


Jumanne mchana

Mke wangu mpenzi,

Natumaini u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, tunaendelea vizuri. Kikohozi kinaendelea vizuri pia. Usiwe na wasiwasi wowote, fanya kazi yako kwa utulivu.

Mtoto anasema: "Mama, ninakupenda sana na ninakuombea upate samaki aina ya kolekole."

Mume wako akupendaye


Jumanne jioni

Baba Kifaranga,

Salamu baadaye. Hiyo sentensi si ya mwanangu. Mtoto wa miaka minne haongei kama mtangazaji wa redio, na tangu lini amejua kusema kolekole? Na wewe tangu lini ukaniita mke mpenzi bila mzaha nyuma yake? Duka leo halina mteja hata mmoja wa kusimuliwa?

Mtoto yuko wapi? Nijibu hilo tu.

Mama yake


Jumatano jioni

Baba Kifaranga,

Nimekaa mbele ya kompyuta hii tangu tulipokula, na jina lako halijatokea. Mkuu amenifuata mara mbili akidai anatafuta kalamu. Nakuandikia hivyo hivyo, maana nikinyamaza nitapiga kelele.

Leo tulikwenda upande wa mbali, kwenye ukingo wa mwamba, ambako kolekole huingia maji yanapoanza kujaa. Nilipaswa kutazama mfereji kila mara. Sikuutazama. Nilikuwa naisoma barua yako kichwani, lile neno "vizuri" ulilolirudia. Nilipokumbuka kugeuka, maji yalikuwa yameshanifika mapajani, na boti imekuwa kitu kidogo kule nyuma.

Nikamwambia, "Mzee, tunarudi sasa hivi."

Akasema, "Subiri." Alikuwa ameshamwona. Mimi pia nilimwona, mweusi, mpana kama mlango, anakuja na maji. Mzee akarusha. Baba Kifaranga, siku zote hizi hakuwahi kurusha vile. Manyoya yalitua kama yamewekwa kwa mkono, na yule samaki akageuka akayameza.

Mshipi ukalia. Mzee akacheka kama mtoto, kisha akaanza kuvutwa. Kila hatua aliyovutwa ilikuwa ya kwenda ukingoni, na maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Nikamshika mkanda. Nikamwambia amwachie, hakunisikia. Nikamwambia mfereji unajaa, hatutavuka, magoti yako hayatavuka. Akasema, "Nimemngoja huyu tangu wewe hujazaliwa."

Nikatoa kisu nikaukata mshipi.

Alinitazama mimi, si maji. Akasema, "Ungeniuliza." Basi. Nikampitisha kwenye mfereji nimemkumbatia kwa nyuma, maji kifuani kwake, kofia ikaenda zake. Katikati mguu ulimteleza nikameza maji mengi, lakini sikumwachia. Kambini alinyooka hadi kwa mkuu akafunga mlango.

Kazi imekwenda, najua. Lakini hilo silo ninaloliogopa. Mtoto wangu yuko wapi?

Mkeo


Alhamisi asubuhi

Mama Kifaranga,

Nianze na linalokuhusu: mtoto yupo, mzima, anapumua mwenyewe. Soma hiyo kwanza ndipo uendelee.

Jumatatu alasiri alianza kuhema haraka, mbavu zinaingia ndani. Nilikuwa namnyoa yule dereva wa lori. Alimwona kabla yangu. Akasimama na kitambaa shingoni, akasema twende, na ndivyo tulivyofika hospitali, duka wazi, kichwa chake nusu kimenyolewa nusu bado. Nimonia. Wakamwekea hewa ya kusaidia kupumua. Jana homa ilipanda hata daktari akawa hakai chini, na mimi sikuweza kuandika kitu chochote, si kweli wala si uongo. Alfajiri ya leo imeshuka. Ameomba uji, akaukataa kwa sababu hauna sukari. Muuguzi akasema akianza kulalamika ni dalili nzuri.

Ile sentensi niliitunga mimi, kwenye benchi la wodini. Nilijiambia ndege haiji mpaka Jumamosi, kwa nini nikuteketeze roho bure, na wiki hii ndiyo uliyoisubiri. Sasa nasoma barua yako kwamba uliacha kutazama maji kwa ajili yangu. Leo siwezi kushika wembe.

Mumeo


Alhamisi jioni

Baba wa mwanangu,

Nimeshukuru, nimelia, sasa nimekasirika. Nitasema mara moja.

Mtoto wangu alikuwa kwenye mashine, na mimi nilikuwa namwomba mzee radhi kwa kosa la kivuli. Hukunipa hata nafasi ya kuogopa pamoja nawe. Ulidhani unanilinda, lakini nilikuwa naogopa tangu Jumanne bila kujua naogopa nini, na hiyo ni mbaya zaidi. Unasema nisingeweza kurudi. Kweli. Lakini hilo lilikuwa la kwangu kulijua.

Halafu nakumbuka uso wa Mzee Kofia akiniambia ningemuuliza. Mimi angalau nilimwambia, hakusikia. Wewe hukuniambia.

Asante kwa kukimbia naye. Msalimie dereva. Mtoto avae soksi.

Mkeo


Ijumaa jioni

Baba Kifaranga,

Habari za mgonjwa? Nimeona ujumbe wako mfupi wa mchana kwamba wamewaruhusu kurudi nyumbani. Nimeusoma nikakaa mchangani muda mrefu.

Nikuambie ya huku. Asubuhi nilikuwa nafunga begi, nikamkuta Mzee Kofia kwenye boti, amevaa kofia ya kuazima. Nikamuuliza anamngoja mwongozaji gani. Akasema, "Wewe. Bado nina hasira, usinisemeshe." Basi hatukusemeshana. Alipomaliza mrusho wake wa kwanza akaniuliza, "Leo tunageuka saa ngapi?" Nikamwambia. Saa ile ilipofika akakunja mshipi kabla sijafungua mdomo. Kolekole hakuja. Hatakuja tena kwa huyu mzee, magoti yale hayana safari nyingine, na yeye anajua. Ndicho kilichoniuma.

Mkuu ameniambia alichosikia nyuma ya ule mlango. Mzee alilalamika nimemkosesha samaki wa maisha yake. Mkuu akamuuliza maji yalimfika wapi. Mzee akaonyesha kifua. Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nikamwambia mkuu nililokosea, kwamba nilichelewa kugeuka. Akasema anajua, alikuwa na darubini, na nikirudia atanifukuza mwenyewe. Kisha akanipa kazi. Msimu mzima, miezi mitatu, kuanzia mwezi ujao.

Naitaka. Nakuandikia leo, kabla sijafika, ili usije ukaligundua usoni kwangu. Bado sijamjibu. Nataka unijibu kweli, si ile ya "tunaendelea vizuri".

Mkeo


Jumamosi asubuhi

Mama Kifaranga,

Habari ya safari? Sijui kama hii utaipata kabla ndege haijaruka. Mtoto amelala vizuri, hakohoi sana. Nasema "sana" kwa sababu bado anakohoa.

Umeomba kweli, basi ipokee. Sitaki uende. Naogopa maji hayo, naogopa mtoto akianza tena kuhema vile nikiwa peke yangu, na naogopa kwamba utaizoea kazi hiyo hata nyumba hii ikaionea wivu. Usiku wa jana nilikuandikia barua nzuri ya kukupongeza, nikaisoma, nikaifuta. Ilikuwa imeandikwa na yule wa Jumanne.

Lakini sikukatazi. Ningekuwa wa kukukataza ningekudanganya tena, nikakwambia mtoto hali yake mbaya, ukaikataa kazi mwenyewe. Nimeliwaza hilo. Nakwambia ujue uko na mtu wa namna gani.

Njoo tugombane uso kwa uso. Sisi tutakuwa pale uwanja wa ndege, mlango wa kutokea, mtoto amevaa soksi.

Mumeo, anayeogopa