Watu wa Kirumba Wameuliza Habari Zako

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia kabla sijafungua duka, maana binti yako Kahindo ameposwa na mambo yameharibika, na ungenikasirikia ukisikia kwa mtu mwingine kwanza.

Watu wa kijana walitoka Kirumba Jumapili, baada ya misa. Kama kawaida yetu, kabla ya kutaja mbuzi wa mahari walitaka kujua ukoo: kama kuna uchawi, kifafa, wazimu. Shangazi wa kijana, mwanamke mwenye sauti ya kwaya, akauliza bila haya: "Na mama ya mutoto, banasema alikuwa na kichwa mubaya. Ni kweli?"

Baba mkubwa, msemaji wetu, alikuwa na jibu tayari. Tulishapatana kusema kwamba tension, yaani presha, ndiyo iliyokuua. Butembo nzima inakufa kwa tension, hakuna anayeuliza zaidi. Mimi nikakuwaza.

Kule Oicha kwako, kwa kuogopa wauaji wa usiku, kila nyumba ililala na viatu miguuni. Furushi mlangoni, sufuria ndani yake, mtoto mgongoni hata usingizini. Aliyevua viatu ndiye aliyeonekana hana akili. Halafu ukamzika mumeo, ukakimbilia kwangu Butembo, ukaendelea kulala vile vile, na haukupita muda mtaa ukakupa jina la kichaa. Mpangaji mwenzangu alitaka nikupeleke chumba cha maombi, kule wanakofunga watu kamba mpaka pepo litoke. Nilikataa, na tumenuniana hadi leo. Wewe ulicheka tu: "Ninyi batu ba Butembo munalala sana." Mara nyingi najiuliza ni nini kilichobadilika njiani. Kichwa chako kilikuwa kile kile, majirani ndio walikuwa wengine. Basi wazimu wako ulikaa wapi, kwako au kwao?

Sisemi hukuumwa. Kuna siku ulimpakulia marehemu mumeo chakula, ukamgombeza kwa kuchelewa, nikatoka nje nikalia. Vidonge vya dispensari vilikusaidia kupata usingizi, na ninavishukuru. Lakini ugonjwa ulikuwa na siku zake mbaya na siku zake nzuri. Lile jina halikupumzika hata siku moja. Wanawake waliacha kununua sombe yako, yale majani ya muhogo uliyouza, kwa sababu yake, na hapo ndipo ulipoanza kukonda.

Sasa, ile Jumapili, kabla baba mkubwa hajafungua mdomo, Kahindo akaingia na chai. Akasema: "Iko kweli. Mama yangu alikuwa anaogopa, na alikuwa na sababu ya kuogopa." Akagawa vikombe, kimoja kimoja, hata kwa yule shangazi. Yaya, nilijisikia kupiga vigelegele, lakini nilimwogopa baba mkubwa.

Alhamisi wakarudi. Wamekubali! Ila wameweka sharti: siku ya harusi, majina ya wazazi yakiitwa, liitwe langu mahali pa lako. Wanaume wetu waliona ni kitu kidogo. Baba mkubwa alianza hata kuulizia mbuzi watafika lini. Kahindo akakataa, wageni wakaaga, na tangu siku ile hakuna mbuzi wala mjumbe. Kijana anampigia simu kila jioni, analia kuliko yeye. Nampenda huyo kijana, na nina hasira naye vile vile. Mbona hamnyamazishi shangazi yake?

Kahindo anapika, anafua kama kawaida. Jana alishindwa kumaliza kula.

Najua ungemwambia akubali. Ungesema: "Jina haiko kitu, mutoto apate bwana." Ndiyo maana sikuja kaburini kukuuliza. Nimengoja mpaka amekwisha kujibu mwenyewe.

Pumzika, yaya. Mtoto yuko kwangu, simwachi. Na siku atakapoolewa, na huyu au na mwingine, wakiuliza mama yake ni nani, nitasimama mbele ya watu nikutaje wewe, kisha nitakaa.

Mdogo wako,
Kabugho