Kugonga Vichwa ni Marufuku

Jumatatu, 6 Julai 2020

Nimepita avenue yote na megafoni ya kituo cha afya tangu asubuhi. Koo limekwisha! Nasema yale yale: naweni mikono, vaeni barakoa, msipeane mikono, msigonge vichwa. Ya mikono watu wanasikia. Ya vichwa — hapana. Mtu wa Kisangani umwambie asigonge kichwa na ndugu yake, kulia, kushoto, kulia, ni sawa na kumwambia asimsalimie. Papa mmoja mzee ameniuliza: sasa nitajuaje kama mutu amefurahi kuniona? Nimewasha megafoni, nikaenda zangu.

Kazi hakuna. Mimi nashona viti vya toleka, baiskeli za abiria, na nani leo anataka kupanda baiskeli nyuma ya mgongo wa mtu asiyemjua? Sponji zimejaa atelier yangu, kibanda cha kazi, mpaka dari. Lakini sinung'uniki. Zamani nilitoka watoto wamelala, nikarudi wamelala. Sasa najua Amani anaogopa mijusi. Ana miaka sita na mimi baba yake sikujua! Najua dada yake Safiya huimba akisugua sufuria, na akigundua unamsikiliza ananyamaza. Na kula — zamani mimi na Amani tulikula barazani, mke wangu Fatouma na Safiya jikoni, kama alivyofanya baba yangu. Sasa sote mkeka mmoja. Fatouma anasema korona imemrudishia bwana wake. Nimemwambia asiseme hivyo kwa sauti, watu watatuona wabaya. Amecheka mpaka ameshika tumbo. Tumbo kubwa! Mwezi huu ndio wa mwisho.

Alhamdulillahi kwa nyumba hii.

Alhamisi, 9 Julai

Jirani yetu Désiré tena. Ua wake na wetu ni mmoja, na ana nganda, baa yake ndogo ya uani. Amri ya serikali inasema nganda zote zifungwe. Leo nasikia muziki. Nimeenda nikasimama mlangoni na megafoni. Wanywaji wameruka ua nyuma, mmoja na chupa yake mkononi, hata haikumwagika!

Désiré amenijia moto. "Weye Muislamu, haunywake pombe. Donc kufunga nganda iko rahisi kwako. Siku korona itagusa kitu yako weye, tutaona."

Na mimi mdomo wangu hauna mlango. Nimemjibu vibaya, tena mbele ya mke wake Georgette. Sasa hatusalimiani. Fatouma amenikasirikia: Georgette ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzaa Amani. Anasema megafoni imenipanda kichwani.

Jumanne, 14 Julai

Nimefanya ujinga. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Nilikuwa beach, kwenye bandari, na timu ya afya. Boti kubwa la mbao limeingia kutoka Isangi, watu wamekaa juu ya magunia. Mama Julie, muuguzi wa kituo chetu, anapima joto kila anayeshuka. Mimi na megafoni: Mtu na mtu umbali! Hakuna mikono! Hakuna vichwa! Halafu namwona Alfani.

Alfani, mdogo wangu! Alishuka Kinshasa mwezi wa pili na biashara ya maharagwe, njia zikafungwa. Tangu Ramadhani simu yake ilikuwa kimya. Shangazi yetu alikwisha anza kumlilia. Kumbe yuko hai! Amekonda, ndevu zimemjaa, anacheka na pengo lake lile lile. Sijui nilifikaje. Megafoni nimeitupa mchangani. Barakoa ilikuwa kidevuni. Kulia — tok! Kushoto — tok! Kulia — tok! Mbele ya beach yote. Watu wamepiga makofi. Kijana mmoja ameokota megafoni yangu na kutangaza: "Kugonga vichwa ni marufuku!" Kicheko mpaka majini.

Nami nimecheka. Halafu Mama Julie ameweka kipima joto kwenye paji la uso la Alfani. Amekitazama. Akapima tena. Alfani amesema ni jua tu, ni uchovu wa safari, kisha akakohoa.

Wamempeleka palepale kwenye kituo cha wagonjwa. Mimi wamenitia kijiti puani, nimeona nyota mchana. Kinatumwa Kinshasa kwa ndege, jibu litachelewa. Mama Julie hakunifokea. Afadhali angefoka. Amesema tu: "Papa Safiya, ile unaambiaka watu, unaijua. Usiingie mu nyumba. Bibi yako iko na mimba."

Sikuingia. Niko atelier, upande wa pili wa uani. Fatouma amesimama mbali, mikono kiunoni. "Kichwa umegonga weye. Basi lala na sponji zako!" Halafu amegeuka haraka nisimwone analia. Nimemwona.

Jumatano, 15 Julai

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Avenue yote inajua. Watoto wakipita nyuma ya ukuta wanapiga mbao: tok, tok, tok! Wana haki.

Ijumaa, 17 Julai

Safiya ndiye analeta chakula. Anaweka juu ya kigoda, anarudi nyuma, anageuza ndoo na kuikalia, ananipa habari za nyumba. Leo lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kukaanga. Amenisimulia jinsi Amani alivyomfukuza mjusi kwa fagio, kisha akakimbia yeye mwenyewe. Msichana huyu anajua kusimulia! Miaka kumi na minne ninaishi naye, na nimekuja kukaa naye tukaongea nikiwa nimefungiwa. Mungu ana njia zake.

Na sasa ajabu ya leo. Nasikia sauti yangu — yaani megafoni yangu — uani. Ni Désiré! Ameipata kwa yule kijana wa beach. Amesimama mbali, anatangaza kama redio: "Papa Safiya! Umekula? Umenawa mikono? Usitoke inje!" Majirani wanacheka mpaka wameshika ukuta. Nilijua amekuja kunilipa ya nganda, na kweli amenilipa. Lakini kisha ameshusha megafoni, akaenda kwake, akarudi na kiti cha plastiki cha baa yake. Amekiweka chini ya mwembe? Hapana, hapo pana siafu. Amekiweka kivulini karibu na ukuta, panapotazamana na dirisha langu, Fatouma akija kuongea nami akae. Mwanamke mwenye tumbo lile hawezi kusimama, anasema. "Na viti vya nganda yangu havina kazi, weye uliifunga."

Nimemwomba msamaha kupitia dirishani. Amesema hasikii. Nimerudia. Bado hasikii! Nimesema kwa nguvu zangu zote, avenue nzima imesikia. Ndipo amesema: "Bon. Sasa nimesikia."

Jumamosi, 18 Julai

Nimefungua kopo la gundi ili nishone angalau kiti kimoja. Ile gundi ya sponji ambayo Fatouma huinusa toka jikoni na kunipigia kelele. Sinusi kitu. Nimeinamisha pua mpaka karibu niiguse. Hakuna!

Nimekaa chini.

Siogopi sana kwa ajili yangu. Kichwa kinauma, miguu mizito, lakini napumua. Namfikiria mtoto. Kama siku ile ningeingia ndani, ningelala kwenye kitanda chetu, ningemsikiliza akicheza tumboni kama ninavyofanya kila usiku... Alhamdulillahi kwa Mama Julie. Nimempigia simu. Amesema: basi iko mu mwili yako, jibu ifike isifike. Kaa hapo.

Nimemwambia na Fatouma. Amekaa kwenye kiti cha Désiré. Kisha: "Mutoto akikosa kukuona siku ya kwanza, hatakufa. Ukimugusa, sijui."

Kweli tupu. Imeniuma, na nimemshukuru.

Jumatatu, 20 Julai

Alfani amepiga simu toka kituoni. Homa imeshuka. Analalamika wanamlisha maharagwe! Mtu ameuza maharagwe maisha yake yote, leo hayataki. Tumecheka, mimi nikakohoa, yeye akakohoa, tukacheka tena. Mdogo wangu yuko hai. Siwezi kujuta kabisa kabisa kwamba nilifurahi. Najuta barakoa.

Jumatano, 22 Julai

Imeanza! Fatouma alikuwa anafua, ameshika ukuta, nguo zimebaki kwenye beseni. Nimeona kila kitu dirishani. Nimeshika mlango. Bila kugeuka, amesema: "Djuma, usitoke." Sikutoka. Miguu yangu ilikuwa inatoka, mimi nimebaki.

Nimeita Désiré kwa sauti ambayo megafoni ingeionea wivu.

Na leo — leo! — ndiyo siku serikali imeruhusu nganda zifunguliwe. Tangu asubuhi alikuwa amefagia, viti amevipanga, bia baridi, spika barazani, watu wanangoja mlangoni na kiu ya miezi minne. Ameacha vyote. Ametoa moto yake, pikipiki, ampeleke uzazini. Fatouma katikati, Georgette nyuma amemkumbatia. Mteja mmoja ameuliza, na sisi je, patron? Désiré: "Mujihudumie! Mukiiba, Mungu anawaona." Amenigeukia dirishani. "Nitaenda pole pole, bwana, kama nabeba mayai."

Safiya amebaki ananiangalia. Amani analia. Nimewaambia tuombe dua, wao kule, mimi huku. Tumeomba. Safiya ameimaliza peke yake.

Baadaye.

Désiré amepiga. "Mwanamuke! Muzito, kilo tatu na kitu! Mama iko muzima!" Nimesujudu juu ya sponji. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Binti! Uani Amani anaruka na kuuliza ana meno?

Alhamisi, 23 Julai

Wanarudi leo asubuhi. Jibu la Kinshasa bado.

Kuna jambo limeninyima usingizi. Kwetu baba ndiye anamwadhinia mtoto, sikio la kulia, mdomo karibu kabisa, pole pole. Kabla ya maneno mengine ya dunia, asikie jina la Mungu kwa sauti ya baba yake. Safiya nilimwadhinia mimi. Amani mimi. Nakumbuka joto la masikio yao kwenye mdomo wangu. Huyu amelala usiku mzima bila adhana.

Maalim wa msikiti wetu amesema kwa simu yuko tayari kuja, Mwislamu yeyote anaweza, hakuna dhambi. Ni vizuri na ni kweli. Nikampigia Fatouma: tumpe Maalim? Amechoka, lakini mkali kama kawaida.

"Maalim ndiye alimuzaa? Utaita weye. Mulango ifungwe, mie nitasimama kule mbali na mutoto. Sauti itafika."

"Nitapiga kelele, Fatouma. Avenue yote itasikia."

"Na wasikie. Walisikia ujinga wako, wasikie na hii."

Bon. Nimetia udhu. Nimefunga na dirisha — mtu akipaza sauti mate yanaruka, ndiyo niliyokuwa nawafundisha wenzangu mwezi mzima. Uani kumejaa watu, najua kwa minong'ono. Hata wanywaji wa Désiré wamekuja, kila mmoja na umbali wake. Hawajawahi kunitii hivi.

Moto! Inakata kona, pole pole kweli. Georgette anapiga vigelegele. Safiya anasema kwa sauti, mama, nishike? nishike? Sasa wameingia uani. Mtoto analia. Sauti ndogo, hasira tupu ya mama yake. Sijamwona. Ufunguo uko upande wangu, ndani, kwenye tundu lake.

Watu wamenyamaza. Fatouma anaita: "Papa Safiya, sikio ya kuume iko kwako."

Nasafisha koo. Mkono wa kulia unaandika haya. Wa kushoto nimeukalia, usije ukashika ufunguo.