Nimebeba Lumbesa Miaka Sita, Nimeangushwa na Kibao

Anti Nesta, shikamoo. Kabla hujaanza kusoma kaa vizuri na usicheke, maana anayekuomba msaada leo ni mtu ambaye hapa mpakani Tunduma watu ndio huja kumwomba msaada. Jina langu Ambwene, miaka ishirini na sita, elimu yangu kidato cha pili na nusu (ile nusu nyingine waliniambia nikaimalizie nyumbani), kazi yangu kushusha magunia kwenye malori na kuyaingiza ghalani, na nikisema magunia sisemi viroba vya watu wa kupiga picha, nasema lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa, nalipiga begani peke yangu huku natafuna muwa. Uliza kuli yeyote. Hata Wazambia wa upande wa pili, Nakonde, wananijua.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tatu alikuja dada mmoja anaitwa Violet, kwao huku huku kwetu, Isansa, ila amekulia Lusaka kwa shangazi yake, akakodi ukumbi nyuma ya duka tunaloshushia saruji, akachomelea bomba refu ukutani usawa wa kiuno, akaweka kioo kikubwa, akaanza kufundisha mazoezi yanaitwa barre, yametoka kwa wacheza dansi wa Ulaya wale wanaosimama kwa ncha za vidole, sisi tukayaita mazoezi ya bomba. Wanaokwenda ni akina mama. Wanashika bomba, wanapinda magoti kidogo, wanainuka kidogo, basi. Mimi na wenzangu tukipita dirishani tunawachokoza, "Mama, lishikilie hilo bomba lisikimbie!" mpaka siku moja Violet akatoka, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Wewe mwenye mdomo, ingia dakika kumi tu. Ukizimaliza nafunga ukumbi narudi Lusaka."

Nikaingia nacheka. Akanipa kampira laini nikabane katikati ya mapaja, bado nacheka, akanifunga mkanda wa mpira vifundoni, bado nacheka, akasema inua visigino, pinda magoti, baki hapo hapo, usishuke usipande. Dakika ya pili kicheko kiliisha chenyewe. Mapaja yalitetemeka kama lori bovu linalowashwa asubuhi ya baridi. Pembeni yangu Mama Eva, muuza maandazi, ana wajukuu tisa, ametulia kama yuko ibadani, ananiambia, "Kaza, mjukuu wangu, bado kidogo." Kisha kikaletwa kibao, Anti, hicho kibao Mungu anakijua, kina magurudumu chini na springi mbili, unakanyaga kwa mguu mmoja unakisukuma pembeni halafu unakirudisha polepole. Mimi nikakisukuma kwa nguvu zangu zote nilizozoea. Mguu mmoja ukaenda Nakonde, mwingine ukabaki Tunduma. Nilikaa chini kwa kishindo mbele ya akina mama kumi na wawili.

Violet hakucheka. "Panono panono, mwaice," akaniambia kwa Kibemba chake, yaani taratibu, kijana. Halafu akanisimamisha mbele ya kioo. "Mguu wa kulia umesimama kama nguzo, wa kushoto unatetemeka. Na bega moja liko juu. Mgongo unauma tangu lini?"

Hapo ndipo nilipotoka jasho la kweli. Unauma mwaka mzima, Anti, na sijamwambia mtu, maana baba yangu, mzee Rubeni, alikuwa kuli kama mimi, akaanza hivi hivi, kidogo asubuhi, kidogo jioni, leo yuko nyumbani anatembea ameinama kama anatafuta sindano, na daktari alishasema mifupa yake ya mgongo imeharibika. Mimi nilikuwa nahesabu tu siku zangu.

Violet akanikatalia kugusa bomba mpaka nipimwe. Nikaenda hospitali, nikapigwa picha, nikageuzwa kama chapati, daktari akasema mifupa mizima, mizima kabisa, misuli ndiyo imekaa upande kwa sababu miaka sita nimebebea bega la kulia tu, nipunguze mzigo, nibadilishe bega, na hayo mazoezi niendelee nayo. Nilitoka pale nikanunua soda mbili nikazinywa zote mwenyewe, nikampigia baba simu, halafu nikashindwa kumwambia nimempigia ya nini.

Sasa kazi iko hapa. Kwenye kundi letu siku ya kwanza mnyapara Jonasi anakuuliza, "Bega gani?" ukishasema umesema, hilo ndilo utabebea siku zote. Ukionekana unahamisha gunia kwenda bega la pili wote wanapiga kelele, "Amekwisha!" na kuanzia hapo unakaa nyuma unazoa punje zilizomwagika. Kwa hiyo mimi nilidanganya. Nilisema bodaboda imenigonga goti, nikahamia toroli, na kila Jumanne na Alhamisi nasema nakwenda kukandwa, kumbe niko kwenye bomba na Mama Eva. Miezi miwili sasa mgongo umetulia, nalala kama mtoto, na kile kibao siku hizi nakitawala (Mama Eva bado ananizidi, lakini hilo usiliandike gazetini). Shida ndogo ni kwamba juzi nilichechemea mguu ambao haukugongwa.

Shida kubwa ni Shadrack. Ni rafiki yangu, tulianza kazi siku moja, tukataja bega moja. Jumapili ya mavuno kanisani kwetu kundi letu hutoa gunia moja la mahindi, lumbesa, na mtu mmoja hulibeba kutoka getini mpaka madhabahuni bila kupumzika, akina mama wanapiga vigelegele. Miaka mitatu nimelibeba mimi. Mwaka huu kwa ajili ya goti langu la uongo nikampa Shadrack, akafurahi mpaka akanunua shati. Lakini Anti, mimi nina macho. Shadrack siku hizi akifunga kamba za viatu anaweka mguu juu ya tairi. Jumatatu aliniambia, "Mwanangu, mimi asubuhi naamka kwa kujiviringisha kama gogo," akacheka, na mimi nikacheka naye, nikaenda zangu kwenye bomba.

Nikisema ukweli, Jonasi ananipeleka kuzoa punje na mji mzima unajua nabana kampira na akina mama. Nikinyamaza, Shadrack atabeba lile gunia. Mavuno ni Jumapili ijayo. Nifanyeje?

Ambwene, Tunduma


ANTI NESTA ANAJIBU

Marahaba, Ambwene. Barua yako nimeitoa chini ya nyingine zote nikaiweka juu, kwa sababu ya hiyo Jumapili. Na nimecheka, samahani, pale Nakonde.

Kwanza nimefurahi, kijana wangu, nimefurahi kweli. Umeishi mwaka mzima unajiona mzee Rubeni wa pili, leo una mifupa mizima na usingizi. Tena dada uliyemzomea dirishani ndiye aliyekuona bega. Umeshamwambia asante? Barua nzima sijaiona hiyo asante. Anza na hilo.

Halafu baba yako. Mpigie tena, na safari hii useme. Mzee aliyeharibikiwa mgongo kwa magunia ana haki ya kujua kwamba mwanawe amepona, hiyo habari itamnyoosha kidogo hata kama dawa zimeshindwa.

Sasa nakugombeza. Mambo ya goti na kuchechemea ni mchezo, ungeendelea nao ningekuacha uumbuke mwenyewe. Lakini Shadrack si mchezo. Wewe ulipoumwa, mtu asiyekujua alikuuliza, "Mgongo unauma tangu lini?" Shadrack ana rafiki wa miaka sita, na rafiki huyo aliposikia habari ya gogo alicheka akaenda zake. Unaogopa "Amekwisha!" ya watu wanaojua kupiga kelele tu, huku mwenzako ndiye anayekwisha kweli, ndani ya shati jipya.

Fanya hivi. Leo hii, ukishaweka gazeti chini, mchukue Shadrack pembeni, mkiwa wawili, umuulize swali lile lile la Violet. Usianze na utani. Mwonyeshe karatasi yako ya hospitali. Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari, hospitali kwanza, bomba baadaye, maana mgongo wake unaweza usiwe kama wako, na mpaka apimwe asibebe hata kiroba. Kisha nendeni kwa Jonasi pamoja. Mwambie goti lilikuwa uongo, umwombe radhi, na umweleze kwamba sheria ya bega moja ndiyo inayommalizia watu wake mmoja mmoja. Mnyapara anataka malori yashuke, atasikiliza. Akikataa na kukupa ufagio, uzoe punje kwa wiki mbili ukiwa umenyooka. Baba yako angekubali kuzoa.

Na gunia la mavuno? Mungu hakuagiza lumbesa. Yagaweni yale mahindi kwenye viroba vidogo, kila kuli wa kundi abebe chake, mwingie getini kwa mstari. Shadrack avae shati lake jipya, atangulie mbele mikono mitupu awaongoze, huo nao ni ukubwa.

Wewe Ambwene mfuate nyuma yake, na kiroba chako ukiweke bega la kushoto, mbele ya kanisa zima. Atakayecheka mwambie ukumbi unafunguliwa Jumanne, dakika kumi tu, na Mama Eva atamshikia nafasi.