Maji ya Heri Ngazini

Stoyanka, acha hiyo supu usome. Kitendawili: maji gani huvunja mguu?

Barafu!

Leo mkwe wangu Plamen alikuwa anaanza kazi kwenye kiwanda cha mikate, baada ya miaka miwili ya kulala kwenye kochi. Binti yangu Radka akamwaga maji ngazini nyuma yake, ile desturi yetu ya heri, mambo yamtiririkie kama maji.

Kwenye baridi hii! Maji!

Plamen akarudi kuchukua simu. Puu! Mguu ukalia kama kuni kavu.

"Umeniua, mwanamke!"

"Nani alikutuma urudi?"

Radka akashika simu, nikadhani anaita gari la wagonjwa. Wapi! Anampigia bosi: "Plamen kavunjika. Nije mimi?" Bosi akakubali.

Radka akamruka mumewe palepale chini, huyoo kazini.

"Radka! Radka!"

"Usinicheleweshe, mpenzi. Ndiyo kwanza naanza kazi."