Bilulu ya Abigaël

Yaya Albertine,

Huku njia ya Kipushi tuko bazima, ujue. Ile mbegu ya mumbu, viazi ya kwetu, ulituma toka Mitwaba, nilipanda kama mama alitufundisha: kwanza unachimba, unaangalia kama bilulu, bidudu ya mu udongo, iko, kwani penye iko udongo ni muzima, ndipo unapanda. Mujukuu wangu Abigaël ndiye alikuwa anachimba. Kila kadudu anauliza: «Kambo, huyu anakulaka nini?»

Kisha maji ya sumu ya mine, kule banachimbaka madini, ikaingia mu shamba. Mumbu yote ikaoza.

Jana Abigaël akachimba fasi yote. Hakuna siafu, hakuna hata kilulu moja. Akaniuliza: «Kambo, bilulu yote ilikimbia. Juu ya nini shiye tunabakia huku?»

Usitume tena mbegu, yaya. Kuya umuchukue mutoto.

Mudogo wako,
Mwenya